Mlango wa Mzee Malimi

Umewahi kumwona mtu anapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, akafunguliwa na mtu mwingine, akaushika ubao kidogo, akaaga, akaenda zake? Mimi nimemwona, tena mara nyingi. Alikuwa Mzee Malimi. Mlango ulikuwa wake kweli, ila nyumba haikuwa yake. Kaa vizuri mjukuu wangu nikueleze, maana nikianzia katikati hutaelewa.

Miaka ile ya Operesheni Vijiji, watu wengi wa upande wetu, hapo kati ya Buswelu na ziwa, walihamishwa kutoka kwenye miji yao, nyumba na mazizi yao ya milimani. Waliambiwa washuke wakae pamoja kando ya barabara, kwa mistari iliyonyooka, ili shule iwe karibu na maji yawe karibu. Wengine walishuka, wengine walishushwa. Mimi nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nimetoka Mara na babu yako, tumepanga chumba. Hatukuwa na mji wa kuhamishwa, kwa hiyo sikupoteza kitu.

Katika kijiji hicho kipya nyumba ya zamani ilikuwa moja tu. Walikaa humo Mzee Kaijage na mkewe Immaculata, Wahaya wa Bukoba. Kaijage alikuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba, sasa amestaafu. Nyumba waliinunua zamani kwa katekista aliyerudi kwao. Msingi wake ulikuwa wa mawe ya ziwani, na kuta za tofali mbichi, nene mno, hata dirishani mtoto angeweza kujilaza asianguke. Wapimaji waliponyoosha kamba ya mstari, kamba ikapita mbele yake sawasawa, kwa hiyo wao hawakuhama. Kijiji ndicho kilichowafuata.

Lakini nyumba yenyewe ilikuwa mgonjwa. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza, ukizigusa zinabaki mkononi kama ugoro. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeliwa chini na matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini, mwaka hadi mwaka, mpaka kuku walikuwa wanataga humo kwenye pango. Mlango ulikuwa umemalizwa na mchwa. Usiku waliziba kwa kitanda cha kamba walichokisimamisha wima.

Katibu wa kijiji aliitwa Chenge, kijana msafi, ana kalamu mbili mfuko wa shati. Alikuja asubuhi moja akazunguka nyumba, akaingiza mguu kwenye lile pango la kuku, akautoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, tunahimizwa nyumba bora. Wageni wa wilaya wakipita hapa wataniuliza hii ni nini."

"Waambie ni nyumba."

"Nitawaambia hivyo wacheke. Sikiliza mama, sisemi kwa ubaya. Masika yakikuta haijasimama vizuri, kamati itaibomoa. Mawe ya msingi yatakwenda kujenga shule, na ninyi mtapewa kiwanja kule mwisho wa mstari."

Mwisho wa mstari palikuwa mbugani, udongo mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama, masika unageuka uji. Mgomba hauoti pale. Na Immaculata nyuma ya nyumba yake alikuwa na migomba aliyoileta machipukizi yake kwa meli kutoka Bukoba, ameyafunga kwenye kanga kama mtoto. Alikuwa na mingine ya kupika, mingine ya kuivisha, na mmoja wa kuchoma ambao hakuna aliyejua jina lake ila yeye. Nyumba ikiondoka, migomba ingebaki kwenye kiwanja cha mwingine. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa moyoni, na kila mtu kijijini alilijua.

Mumewe alikuwa na mpango wake. Mdogo wake Ishengoma, aliyekuwa Sengerema, alikuwa amemwahidi mabati. Wakati huo bati lilikuwa kitu cha kibali. Saruji nayo kibali. Kaijage akawa kila kivuko kinapotoka ng'ambo anavaa koti, anakwenda mjini kusimama pale wanaposhukia watu. Jioni anarudi na koti begani.

"Yamekuja?" mkewe anamuuliza.

"Wiki ijayo."

"Na masika yatakuja wiki gani?"

Mwishowe Immaculata aliacha kuuliza. Siku moja nilikuwa nachambua maharage barazani kwake, akaja akakaa karibu nami, akasema, "Akelo, nyumba hii haijafa. Inaumwa mgongo na kichwa tu. Mtu anayeumwa mgongo huwezi kumzika."

"Utaitibu kwa nini mama, na dukani hakuna kitu?"

"Kwa vitu vilivyopo."

Ukuta alianza nao mara moja. Lile tope lililomeng'enyuka na kujaa chini ya ukuta hakulitupa. Alilikusanya lote, akalivunjavunja, akalimwagia maji likalala. Kesho yake tukalikanyaga kwa miguu, mimi na yeye na binti yake Felicitas, tukachanganya na nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe. Tukafyatua tofali kwa kibao cha kufyatulia alichokiacha katekista. Kwa hiyo ukuta ulizibwa kwa udongo wake wenyewe. Kukandika, alitaka udongo wa kichuguu na mchanga wa ufukweni na majivu. Chini, alipanga mawe na kuchimba mfereji, ili tone likianguka lianguke kwenye jiwe liende zake migombani. Wanawake wa jirani walipita wakicheka.

"Mama Feli, unaipaka nyumba samadi ama unaiwekea mbolea iote?"

"Ikiota nitawapa chipukizi."

Miti sasa. Kukata mlimani ilikuwa imekatazwa, maana kijiji kizima kilikuwa kimejenga kwa mkupuo na mlima umebaki kipara. Lakini kule juu kulikuwa na mahame, ile miji iliyoachwa. Nguzo zilisimama bila paa, fito zilining'inia, milango ilijifungua na kujifunga na upepo, hakuna anayepita. Watu walikuwa wameshuka na vyungu na magodoro, vingine wameviacha wakisema watarudi kuvichukua.

Kaijage alisema, "Nenda ukachukue tu. Ni vya nani sasa?"

"Ni vya wenyewe."

"Wenyewe wamehama."

"Wamehama wao. Hawajasema wamevitupa."

Akaenda kwa wenyewe, mmoja mmoja, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mimi nilimfuata. Na hapa usikilize vizuri. Kwao Bukoba, alivyolelewa Immaculata, mwanamke mwenye heshima haombi apewe kitu. Anayesema nipe ni maskini. Yeye huazima. Akiazima, mwenye kitu akitaka mwenyewe atasema, ah, baki nacho. Ndivyo wanavyopeana kule bila mtu kuinamisha kichwa. Wasukuma wetu wa hapa hawana mzunguko huo. Ukiazima, umeazima. Ukitaka kupewa, sema, utapewa au utanyimwa, halafu mtakunywa maji muachane.

Kwa Kija, mjane mwenye sauti kubwa, aliazima nguzo za baraza. "Chukua," alisema Kija, "zinaota uyoga tu kule. Siku nikizitaka nitazifuata." Kwa Ngosha aliazima fito na ule mti mrefu wa juu ya paa.

Kwa Mzee Malimi alikwenda mwisho. Malimi alikuwa mtu mzima sana, mrefu, mwenye ng'ombe wengi kabla ya kuhamishwa na wachache baadaye. Mlango wake ulijulikana. Ulikuwa ubao mmoja mzima wa mninga, umechongwa kwa tezo, hauna bawaba wala msumari. Ulikuwa na ndimi mbili za mti huo huo, moja chini inayokaa kwenye tundu la jiwe, moja juu inayoingia kwenye kizingiti. Ukiusukuma unalia kidogo kama ndama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu, mtu wa ndizi."

"Baba, nimekuja kukuazima mlango."

Malimi akacheka mpaka akakohoa. "Mtu anaazima jembe. Anaazima chumvi. Wewe unaazima mlango?"

"Ndiyo, baba. Ule wa kule juu. Mchwa wataumaliza."

"Mninga hauliwi na mchwa." Akachora chini kwa fimbo. "Mimi nitarudi kule, unajua. Haya ya barabarani yatakwisha."

"Ndiyo, baba."

"Haya, nakuazima. Siku nikirudi kwangu nautaka."

"Asante sana, baba. Utaukuta."

Tukiwa njiani nilimwambia, "Mama, amekuazima kweli." Akasema, "Nimesikia." Akatembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Mlango ulibebwa na vijana, ukaletwa, ukasimamishwa pale mbele. Ulikuwa mrefu kuliko nafasi yake. Kaijage akatoa msumeno.

"Usiukate," mkewe akamwambia.

"Kidogo tu. Kiganja hivi."

"Wa mtu huo, Baba Feli."

"Atajua nani?"

"Mlango utajua. Weka msumeno."

"Sasa tufanyeje, tuinue paa kwa ajili ya mlango?"

"Tutashusha sakafu."

Na kweli, walichimba. Pale mlangoni wakashusha chini, wakapanga mawe kama ngazi ndogo ya kushukia, na nje wakainua tuta la mawe ili maji yasifuate watu ndani. Jiwe la kuzungushia ulimi lilitolewa ziwani. Halafu kizingiti cha juu kilikalishwa juu ya ule ulimi mwingine, na juu ya kizingiti tofali zikajengwa mpaka kwenye paa. Ndivyo mlango wa namna ile unavyokaa. Ukitaka kuutoa, huna budi kwanza ubomoe ukuta ulio juu yake.

Vitu vingine vyote waliviweka hivyo hivyo, kama vya watu. Nguzo za Kija hazikuchimbiwa ardhini, zilisimamishwa juu ya mawe bapa, ili zisioze zikiwa mikononi mwao. Fito za Ngosha zilifungwa kwa kamba za katani, hakuna msumari. Kichwa cha nguzo kikizidi, kiliachwa kizidi. Paa liliezekwa kwa nyasi mpya, na upenu ukashushwa uende mbele sana, ukuta ukae kivulini kama mtu chini ya mwavuli. Ndani wakatandaza mikeka ya matete ya ziwani juu, chini ya nyasi za paa, mchana ndani pakawa baridi. Rangi ilikuwa udongo mweupe wa ufukweni.

Masika yaliikuta imesimama. Chenge alikuja na wageni wa wilaya, akawazungusha, akawaambia kijiji kinatumia nguvu zake chenyewe. Mgeni mmoja akaandika. Ishengoma naye alileta bati mwaka huo, bati moja, limepinda kwenye kona. Kaijage aliezekea banda la kuku, na mvua ikinyesha kuku walikuwa wanatoka nje kwa kelele.

Sasa ndipo ikaanza ile ya hodi. Mzee Malimi alikuwa akipita kwenda ziwani kunywesha ng'ombe, anasimama, anagonga ubao kwa fimbo.

"Hodi kwangu!"

"Karibu baba," Immaculata anafungua.

"Hujambo, mlango wangu?"

"Haujambo baba, tunauangalia."

"Unalia bado?"

"Unalia, baba."

Anausukuma mara moja asikie, anatikisa kichwa, anaondoka. Watu wakafanya mchezo. Ngosha akipita anaangalia juu, "Fito zangu salama?" Kija anagonga nguzo, "Nyie, mnapewa chakula huku?" Immaculata aliwacheka wote, akawapa ndizi. Kila mmoja alimjibu vile vile, "Ni chako, siku ukikitaka karibu." Mumewe akamwambia mbele yangu, "Unaishi kwenye nyumba ya watu kama mgeni." Akamjibu, "Kula."

Yakapita masika kadhaa. Mwaka mmoja mtoto wa Kija akataka kuoa na kujenga, na Kija akaja na vijana kuchukua nguzo zake.

"Mama Feli, siku ile niliyosema ndiyo leo."

"Karibu sana. Ni zako."

Vijana wakalegeza kamba, wakainua paa la baraza kwa miti ya muda, nguzo zikatoka juu ya mawe yake, laini, kavu, nzima. Kija alizipapasa akasema zimekuwa nzuri kuliko alivyozitoa. Immaculata aliwapikia vijana wote. Walipokwenda, alisimama akiangalia yale mawe bapa yaliyobaki bila kitu, na baraza limening'inia kama sketi iliyokatika mkanda. Walitafuta miti mingine, ya mkaratusi wa mjumbe, wakasimamisha. Kija aliniambia baadaye kisimani, "Nilikwenda nimejiandaa kugombana. Nilijua ataninyima. Sasa amenipa na wali. Mwanamke gani yule?"

Tangu siku hiyo Immaculata akisikia fimbo ya Malimi mlangoni alikuwa hafungui haraka. Nilimkuta siku moja amesimama ndani, mkono ameuweka kwenye ubao, Malimi upande wa pili anagonga. "Hodi kwangu!" Akahema ndipo akafungua.

Halafu mambo ya barabarani yakaanza kulegea. Hakuna aliyetangaza, lakini mtu akipeleka ng'ombe mlimani akalala huko, hakuulizwa. Ngosha alirudi mlimani kwanza, akakata fito zake mpya bondeni, hizi za paa la Immaculata akazisahau au akajifanya amezisahau. Ikasikika Mzee Malimi amesimamisha kuta kwenye hame lake. Ikasikika ameezeka. Immaculata alisikia yote hayo, akaendelea kupalilia migomba. Chenge alipita akamwambia, "Mama, ukibomoa hapo mbele, ujenge haraka. Mawingu hayo unayaona. Na shule inaongeza darasa, wanatafuta mawe." Alisema kwa upole. Alikuwa ameshaoa wakati huo, ametulia.

Malimi alikuja asubuhi, na wapwa zake wawili wenye nguvu, mtaimbo na kamba. Siku hiyo hakusema hodi kwangu. Alisema hodi tu.

"Shikamoo baba," Immaculata alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama. Karibuni. Feli, leta viti."

Tukawaletea viti, chai, na mihogo ya kuchemsha. Malimi alikunywa chai yake polepole. Aliongea habari za pamba, habari za ng'ombe mwenye kwato mbovu, habari za mvua iliyonyesha Sengerema ikakataa kuvuka. Kaijage aliitika, "Naam, naam." Kila mtu alikuwa anaangalia mlango na hakuna aliyeutaja. Mwishowe Malimi akaweka kikombe chini.

"Nimerudi kwangu, Mama Feli."

"Tumesikia, baba. Tumefurahi."

"Nyumba haina mlango."

"Huu hapa, baba. Ni wako. Nilisema utaukuta."

"Umeutunza. Mtu hawezi kusema hukuutunza."

"Asante, baba."

Wapwa wakasimama. Mmoja akapanda kwenye kiti, akatafuta kwa vidole mahali kizingiti kinapoanza. Udongo ulikuwa umeshikana, akagonga kwa mtaimbo. Kipande cha lile lipu jeupe kikaanguka kwenye ngazi kikavunjika. Akagonga tena. Tofali ya kwanza ikacheza. Vumbi likaingia ndani, likatua sakafuni. Immaculata alikuwa amesimama pembeni na sahani ya mihogo, hajaiweka chini.

"Chukueni taratibu," alisema, "msije mkaumia."

Malimi akainua fimbo. "Acha kwanza, wewe."

Mpwa akaacha, mtaimbo hewani.

Mzee akamgeukia Immaculata, akamtazama sana, kama mtu anayemwangalia ng'ombe asiyemwelewa. "Mimi nilikuwa nagonga mlango huu kila siku," alisema. "Unaniambia ni wako, baba. Kija amekuja, umemwambia ni zako, na wali umempa. Leo nakubomolea nyumba, mvua ile pale, unaniambia nisiumie. Wewe mama wewe, huwa hutaki kitu? Ulipokuja kwangu siku ile na kitenge chako, ulikuwa unataka nini?"

"Kuazima, baba."

"Kuazima nilikuazima. Nakuuliza ulikuwa unataka nini."

Kaijage akakohoa. "Mzee, mke wangu alikuwa anaheshimu tu..."

"Sikukuuliza wewe."

Mpwa juu ya kiti akabadilisha mkono, mtaimbo ulikuwa mzito. Immaculata aliiweka sahani chini, kwenye udongo, hata kiti hakukitafuta. Alifuta mikono kwenye kanga, upande huu na upande huu, akaja akasimama kati ya mlango na Mzee Malimi. Uso ulikuwa umemwiva kama mtu aliyekuwa jikoni.

"Nilitaka unipe," alisema. "Nautaka huu mlango, baba. Nautaka uwe wangu."